Siku Ambazo Mashine Haikuzima

Inspekta Wanjira Ndambiri alipoingia ofisini kwa msimamizi wa hospitali, barua ya kumfukuza Regina, karani wa rejista, ilikuwa imekwisha andikwa, ikakunjwa, ikatiwa katika bahasha. Kilichobaki ni kumpa mwenyewe. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatano, mwezi wa Julai mwaka wa tisini na saba, na ukungu wa Manyatta, karibu na mji wa Embu, ulikuwa umelala juu ya mibuni hata mtu hakuweza kuliona lango la Hospitali ya Misheni ya Kaunguthi akiwa hatua thelathini.

"Saa kumi kamati inakaa," alisema Bwana Kathuri, msimamizi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye tai iliyokazwa, na macho yake yalionyesha hakulala. "Kamati ikishatia sahihi, unamchukua. Kuharibu mali ya hospitali ni kosa la jinai, si ndiyo, Madam?"

"Ni kosa. Ukiwa na ushahidi."

"Ushahidi ninao." Akahesabu kwa vidole. "Mwisho wa mwezi wa sita tuliweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya rejista. Tangu siku hiyo mashine imezima mara ishirini na tatu. Kila inapozima, Regina yuko peke yake. Nikimwita fundi, inafanya kazi toka asubuhi hadi jioni bila hata kukohoa. Fundi akiondoka, kesho yake imezima. Sasa niambie, Madam Inspekta, mashine inajuaje kwamba fundi ameenda?"

Wanjira alifungua kijitabu chake, akaliandika swali hilo neno kwa neno. Katika miaka kumi na minne ya upelelezi pale Embu, alikuwa amejifunza kwamba mlalamikaji mara nyingi hutaja swali lenyewe akidhani ametoa jibu.

"Na hiyo rejista ni ya nini?"

Kathuri alishusha sauti. Ilikuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu, watu mia nne na kumi na wawili, wengi wao kutoka kule chini kwenye ukame, Mbeere. Mtu akianza dawa hapaswi kukatiza. Kila Ijumaa jioni, majina ya juma yakishaingia yote, mashine ilitoa orodha ya wasiofika, na wahudumu wa kijiji wakaenda kuwatafuta kwa miguu. Sasa ilikuwa wiki ya nne bila orodha. Juzi baba wa watoto wanne alirudishwa kwa machela, anatema damu, na hakuna aliyejua kwamba alikuwa ameacha dawa.

"Kama ni huyo msichana," alisema Kathuri, "sitamwonea huruma."

Chumba cha rejista kilikuwa kidogo, chenye dirisha la kuhudumia wagonjwa, ambalo leo lilikuwa limezibwa kwa ubao. Nyuma ya ubao huo Wanjira alisikia watu wakikohoa na kusogeza miguu, wakingoja. Regina Mukami alikuwa amekaa kando ya meza, msichana wa miaka ishirini na minne, sweta ya kijivu, mikono ndani ya mikono ya sweta. Muuguzi mmoja alikuwa amemletea chai na kuifunika kwa kisahani isipoe. Haikuwa imeguswa.

Kijana mwingine alisimama karibu na kompyuta, bisibisi mfukoni. Huyu alikuwa Jamaldin, fundi kutoka mjini Embu, ndiye aliyeuweka mfumo mpya. Kompyuta yenyewe ilikuwa kasha refu lililosimama kando ya skrini, inanguruma polepole, nzima kama mtu aliyetoka kuoga.

"Karibu, afande," alisema Regina. Aliokota kitu cha sufu kilichokunjwa juu ya kiti ili mgeni akae, akakiweka mapajani mwake.

"Asante. Kunywa chai kwanza," alisema Wanjira. "Mtu hakumbuki vizuri akiwa na njaa."

Regina alikunywa mafunda mawili.

"Wewe ndiwe unayeizima hii mashine?"

"Hapana."

"Ni nani basi?"

"Inazima yenyewe. Nikiwa naandika jina la mtu, inasimama. Halafu skrini yote inakuwa buluu na maandishi meupe. Sijagusa kitu, afande. Nikisema hivyo, wananicheka."

"Nasikia uliukataa mfumo mpya mbele ya mkutano."

"Sikuukataa. Nilisema wa zamani ulitutosha. Ule nilikuwa nawasha, naandika, nazima. Huu unachukua muda kuamka, na watu wamejaa dirishani. Kwa hiyo nikiuwasha asubuhi nauacha hivyo hadi jioni."

"Muulize kuhusu droo," alisema Kathuri kutoka mlangoni.

Regina aliinamisha kichwa. Kathuri alikuja mwenyewe, akavuta droo ya chini hadi mwisho, akatoa leso ya mkononi iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na diski moja nyeusi.

"Hii hapa! Imefichwa kama bangi. Hiki ndicho anachokitia humo tukigeuka."

Jamaldin aliipokea diski kwa ncha za vidole. "Inaweza kuwa na virusi," alisema. Fundi akaisukuma ndani ya mashine, akapiga vibonye, akasubiri. Wote wakasubiri. Nje mtoto alilia na kubembelezwa.

"Ni majina," hatimaye alisema Jamaldin. "Majina tu. Ni rejista nzima, imenakiliwa jana saa mbili na robo asubuhi. Hakuna virusi."

"Kila siku nikishaiwasha nanakili kwanza," alisema Regina, "kabla haijagoma. Tukiyapoteza hayo majina, hao watu tutawatafuta wapi?"

"Na mbona ukaificha?"

"Nilikatazwa kuweka rejista kwenye diski. Niliogopa wakiiona wataifuta."

Wanjira alimtazama Kathuri. "Anayetaka kuiua rejista, kwa nini aiokoe kila asubuhi?"

"Kwa sababu anajua itazima!" Kathuri alijibu papo hapo. "Anajua, ndiyo maana anajikinga. Wewe ungejuaje mvua itanyesha hata uanue nguo mapema?"

Halikuwa jibu la kijinga. Wanjira aliliandika nalo. Diski ile ingeweza kumtoa Regina na ingeweza kumfunga, ikitegemea nani ameishika.

"Unajuaje itazima?" akamuuliza.

"Imezoea." Regina aliinua kitabu cha mazoezi cha shule, cha jalada la kijani. "Naandika humu. Siku, saa niliyowasha, saa iliyozima, na hizo namba inazoandika kwenye buluu. Nilimwonyesha Bwana Kathuri, akasema nimezitunga."

Wanjira alikisoma kitabu kile polepole, akifuata mistari kwa kidole. Mwandiko ulikuwa safi, hata siku ambazo bila shaka mwenye mkono alikuwa analia. Asubuhi mashine iliwashwa saa mbili, ikazima karibu saa tatu. Ikiwashwa tena mara moja, ilizima baada ya dakika ishirini au thelathini. Ikipumzishwa wakati wa chakula, ilikwenda karibu saa nzima ndipo ikazima.

"Jamaldin, kitu gani huzima mashine namna hii?"

"Umeme, mara nyingi. Chumba cha eksirei kiko nyuma ya ukuta huu. Ile mashine ikiwaka inavuta umeme mwingi. Inspekta, wallahi, nilimwambia Bwana Kathuri anunue stabilaiza ya kutuliza umeme."

"Basi tukaulize eksirei."

Walikwenda. Mama wa eksirei aliwatolea daftari lake bila maneno mengi, akamvutia Wanjira kiti kwa sababu aliona viatu vyake vimelowa. Wanjira aliweka madaftari mawili bega kwa bega. Tarehe mbili, mgonjwa wa mguu saa tatu kasoro dakika tano, kompyuta imezima saa tatu. Tarehe nne, vivyo hivyo. Kisha akafika tarehe kumi.

"Hapa hakuna kitu," alisema.

"Filamu ziliisha," alijibu mama wa eksirei. "Tulifunga mlango tarehe tisa hadi kumi na mbili. Hata taa sikuwasha."

Tarehe kumi peke yake kompyuta ilizima mara tatu.

Wanjira alifunga daftari, akashukuru. Kwenye veranda Jamaldin alikuwa ameinamia kitabu cha Regina, midomo inacheza.

"Sasa?" akamuuliza.

"Hizi namba, Inspekta. Mimi sikuwahi kuziona. Bwana Kathuri hunieleza kwa simu tu kwamba imezima." Alijikuna kidevu. "Mfumo ukiwa na kasoro, kosa huwa ni moja. Linarudi palepale, namba zilezile. Hizi zinarukaruka kama panzi. Kila mara mahali papya."

"Maana yake?"

"Maana yake kosa si la mfumo. Ni la mashine yenyewe, vyuma vyake. Lakini nimeipima mara tatu! Tarehe tatu, tarehe nane na Ijumaa iliyopita. Nimeupakia mfumo upya mara mbili. Kutwa nzima nimeishika mimi, hata orodha ya Ijumaa haikupata nafasi, na haikutikisika."

"Na tukisema ni mtu?"

Jamaldin alitazama chini. Alikuwa kijana mwenye adabu na hakupenda kulitamka. "Mtu akilegeza waya na kuurudisha, ingekuwa hivi hivi. Samahani. Ndivyo ilivyo."

Saa saba na nusu mchana. Kila alichokigusa Wanjira kilimrudisha kwa msichana yule yule. Alirudi chumbani, akakaa, akakifungua kitabu upya. Safari hii hakutazama saa ambazo mashine ilizima. Alichukua kalamu, akaanza kutafuta siku ambazo haikuzima.

Zilikuwa tano. Tarehe tatu, nane na kumi na nane zilikuwa za Jamaldin. Tarehe kumi na nne na kumi na tano hazikuwa za mtu.

"Regina. Jumatatu na Jumanne ya juma lililopita. Fundi hakuja?"

"Hakuja."

"Nani alikuwa hapa?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu." Regina aliona anakoelekea, machozi yakamjaa. "Afande, nami nimejiuliza. Iliwaka siku mbili nzima. Nikadhani maombi yamejibiwa. Halafu Jumatano mchana ikaanza tena."

"Ulifanya nini Jumatatu ambacho hukufanya siku nyingine? Usikimbilie kujibu. Nieleze toka ulipofungua mlango."

Regina alifumba macho. Alifungua mlango, akawasha, akanakili. Baridi ilikuwa kali. Watu walianza kuja dirishani. Mama mmoja wa kutoka Kithunthiri alimkalisha mtoto wake juu ya kaunta ili atafute kadi kwenye kikapu, na mtoto akatapika.

"Akatapika wapi?"

"Hapa mezani. Mama wa watu aliona aibu, akataka kufuta kwa leso yake mwenyewe. Nikamwambia aache, mtoto ni mtoto. Nikafuta. Lakini mengine yalilowesha koti, ikabidi nilipeleke kwa dobi."

"Koti lako?"

"La kompyuta."

Wanjira alidhani hakusikia vizuri. Regina akakikunjua kile kitu cha sufu kilichokuwa mapajani mwake tangu asubuhi.

Kweli lilikuwa koti. Lilifumwa kwa sufu nene ya buluu na ya manjano, likashonewa kipande cha blanketi kwa ndani. Mbele paliachwa nafasi ya diski na kitufe cha kuwashia. Nyuma lilifungwa kwa vifungo vitano vya mfupa, na chini kabisa palikuwa na tundu dogo la kupitishia nyaya. Kila mshono ulikuwa mahali pake. Aliyelifuma alikuwa ameketi nalo siku nyingi.

"Kikundi cha akina mama cha kanisa ndicho kilileta," alieleza Regina. "Siku ya kuzindua mfumo mpya. Si unajua, mgeni wa heshima akija akina mama humvalisha? Daktari mkuu walimfunga leso, wakamwimbia. Kisha wakasema mashine nayo ni mgeni, itatusaidia watu wetu, haiwezi kukaa uchi. Mwenyekiti wao alikuwa amekuja mapema kuipima kwa uzi wa katani."

"Mwenyekiti huyo ni mama yangu mzazi," alisema Kathuri, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea. "Cucu Mukiri, yaani Bibi Mukiri. Ana miaka sabini na tano na haoni vizuri jicho moja. Mtu asicheze na hilo koti."

"Sichezi. Regina, nilipoingia asubuhi halikuwa limevaliwa."

"Nilikuwa nimelivua. Mgeni akija tunalivua."

"Kwa nini?"

"Ni agizo langu," Kathuri alidakia. "Mgeni hawezi kuja kuona kompyuta akakuta imefunikwa kama kibuyu cha maziwa. Akiondoka, inavalishwa. Vumbi la hapa unalijua."

"Na fundi akija?"

Regina alishangaa swali lenyewe. "Fundi ni mgeni, afande."

Jamaldin, aliyekuwa akikunja waya mkononi, aliacha. Aliligeuza koti, akavitazama vile vifungo vitano vya nyuma, akauweka mkono wake mahali ambapo mgongo wa mashine ungekuwa. Alifungua mdomo. Wanjira akamwinulia kidole anyamaze.

"Bado," alisema. "Kwanza dobi."

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, kimejaa mvuke. Mzee Njiru, dobi, alikuwa na daftari lililovimba kwa unyevu, na ndani yake aliandika kila kitu kilichopita mikononi mwake, hata soksi. Wanjira hakumwambia anatafuta nini. Alimwomba tu amsomee yaliyoingia Jumatatu tarehe kumi na nne.

"Shuka arobaini na mbili," alisoma mzee, daftari karibu na pua. "Mapazia sita. Kanzu ya padri. Koti la kompyuta, moja, limetapikiwa. Hilo liliingia saa mbili na nusu."

"Lilitoka lini?"

"Lilinisumbua! Blanketi lile la ndani halikauki na baridi hii. Jumanne nililigeuza juu ya boila mchana kutwa, nikiogopa rangi ya buluu itaingia kwenye manjano, na mama wa watu ameshafuma kwa jasho lake. Nililirudisha mwenyewe, Jumatano saa sita na nusu."

Wanjira alifungua kitabu cha Regina. Jumatano, tarehe kumi na sita. Asubuhi, hakuna kitu. Kisha, kwa mwandiko safi: *imezima saa saba na dakika arobaini.*

Watu wawili, madaftari mawili, na hakuna aliyejua mwenzake ameandika nini. Alimwomba mzee Njiru alitunze daftari lake pasipo maji, akatoka mbio kidogo, jambo ambalo hakupenda watu walione.

"Vitabu tu," alisema Kathuri aliposikia. "Madam, nakuheshimu. Lakini utaiambia kamati kwamba kipande cha sufu kimezima mashine mara ishirini na tatu? Na kwamba ni sufu ya mama yangu?"

"Sitawaambia kitu. Tutalivalisha koti, tutangoja."

"Ikikataa kuzima?"

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Mashine ilikuwa imewaka toka asubuhi bila koti na haikuwa imekosea hata mara moja. Kama ingevaa na kuendelea kufanya kazi hadi saa kumi, Wanjira angekuwa amemshonea Regina kosa kwa mkono wake mwenyewe.

"Ikikataa," alisema, "nitamchukua."

Alipanga watu. Regina aliketi kwenye benchi la veranda, ng'ambo ya mlango ulioachwa wazi, mikono juu ya magoti ambapo kila mtu aliiona. Jamaldin alilivalisha koti, akafunga vifungo vyote vitano, akasogea hadi ukutani. Kwenye kiti cha kuandikia Wanjira alimkalisha Kathuri.

"Mimi?"

"Wewe ndiwe unayeaminika hapa. Andika majina ya kwenye kadi hizi. Moja baada ya jingine."

Kathuri aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayechagua maharagwe. Saa tisa na robo. Saa tisa na dakika ishirini na tano. Mashine ilinguruma vilevile. Wanjira alisimama nyuma yake akisoma majina yakijipanga kwenye skrini, akilihesabu kila lililoingia salama. Hakuwahi maishani mwake kuomba kitu kiharibike.

Saa tisa na nusu wajumbe wawili wa kamati walipita wakielekea ukumbini, wakamtazama Regina pale benchini, wakaacha kuongea. Muuguzi yule wa chai alikuja akaketi karibu naye bila kuulizwa na mtu. Alikaa tu, bega kwa bega, ili watu wote walioona wajue hayuko peke yake.

"Joto limeanza," alinong'ona Jamaldin.

"Usiiguse."

"Siigusi. Nalisikia kutoka hapa."

Saa kumi kasoro robo Kathuri alitazama saa yake. Saa kumi kasoro kumi akaitazama tena, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kuinuka.

"Madam, nadhani tumempa nafasi ya—"

Kidole chake kilikuwa bado juu ya herufi. Skrini ilisimama. Jina la Mwaniki lilibaki nusu. Kisha buluu ikamwagika kutoka juu hadi chini, na maandishi meupe juu yake.

Kathuri aliruka nyuma hata kiti kikaanguka, mikono yake miwili juu hewani.

"Sijagusa kitu!" alipaza sauti. "Mmeona! Sijagusa kitu!"

Aliyasikia maneno yake mwenyewe, akageuza kichwa kuelekea benchi la veranda, akaishusha mikono taratibu.

Jamaldin alikuwa ameshafungua vifungo. Alilivua koti, akaweka kiganja juu ya kasha, akakitoa haraka. Akachomoa plagi, akafungua skrubu nne, akainua bati la ubavuni. Hewa iliyotoka ilikuwa kama ya mdomo wa oveni. Alielekeza bisibisi kwenye feni ya nyuma. Manyoya membamba ya buluu na manjano yalikuwa yamezunguka mhimili wake kama uzi kwenye kijiti.

"Inapumulia hapa, Inspekta," alisema kwa sauti ya chini. "Mgongoni. Zamani ilikuwa inawashwa nusu saa na kuzimwa, na haikuwa na koti. Siku ile ile ya mfumo mpya ikaanza kuwaka kutwa, na ikavalishwa. Mimi kila nikija naikuta imevuliwa. Haki ya Mungu, nimefukuzana na mfumo mwezi mzima na mfumo hauna kosa."

Wanjira alimgeukia Kathuri. "Uliniuliza mashine inajuaje kwamba fundi ameenda. Fundi akienda, inavaa."

Kathuri aliokota kiti kilichoanguka, akakisimamisha. Alikaa juu yake, akainuka tena kana kwamba amekumbuka ni cha nani. Aliingiza mkono ndani ya koti lake la suti, akaitoa ile bahasha, akaipasua mara mbili, akatia vipande mfukoni.

"Regina," akaita. "Regina, njoo ndani."

Regina aliingia na kusimama penye kizingiti. Muuguzi alibaki nyuma yake.

"Nilikuita mharibifu mbele ya watu," alisema Kathuri. "Kamati iko pale ukumbini. Nitawaambia mbele ya watu vilevile. Kisha nitakwenda kwa mama, nimwambie kwamba koti lake... kwamba mgonjwa yule wa machela..." Akaigusa tai yake. "Ataniuliza, na mimi siwezi kumdanganya. Litamuua yule mzee."

Wanjira alikuwa akiandika taarifa yake. Pale penye nafasi ya mtuhumiwa alipiga mstari. Kisha aliinua macho.

Regina alikuwa amelichukua koti mikononi, analikunja, vifungo kwa ndani kama mtu anavyokunja nguo ya mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa na kila haki ya kunyamaza.

"Usimwambie habari ya mgonjwa," alisema. "Na usimwambie lilizima mashine. Alikaa nalo mwezi mzima, na jicho moja."

"Nimwambie nini basi?"

"Mwambie limeipa joto la kutosha."

Kathuri alimtazama. Alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine, akaelekea ukumbini akifuta uso kwa tai.

Jamaldin alisafisha feni kwa brashi ya rangi, akarudisha bati, akawasha. Mfumo ulichukua muda wake kuamka, kama kawaida, na wote walisimama wakiungoja. Regina alivuta kiti, akaitia diski yake, akaandika maneno machache. Printa ikaanza kupiga kelele. Orodha ilitoka polepole, majina thelathini na moja, na kabla karatasi haijakatwa muuguzi alikuwa ameshaita mhudumu wa kijiji wa kwanza.

Wanjira alifunga kijitabu chake. Alitaka kumwambia msichana aende nyumbani leo, apumzike, kesho ipo. Lakini Regina alikuwa ameshainuka, ameshika ule ubao wa dirisha kwa mikono miwili. Aliuvuta ukatoka, na baridi ikaingia pamoja na kikohozi na nyuso za watu waliokuwa wamesimama pale tangu asubuhi.

"Poleni kwa kungoja," alisema Regina. "Nani wa kwanza?"